Chukueni Mlichokikuta

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu.

Ijumaa hii tuzungumze juu ya deni lililofika mahakamani. Najua miongoni mwetu wapo waliokunja samansi, ule wito wa mahakama, wakaitia mfukoni, na nyumbani hawajamwambia mtu.

Msimu wa korosho huku kwetu hufunguliwa Oktoba, lakini pesa huadimika mapema, wakati wa kupalilia na kupuliza salfa. Hapo ndipo kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kubwa, hubisha hodi. Salfa ikichelewa, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua, na mtu anafika mnadani na magunia machache wakati rejesho la kila wiki halijasimama hata siku moja. Anakopa kwa huyu amlipe yule. Mwisho anatafuta taasisi iyanunue madeni yote yawe deni moja. Anapumua kidogo, kisha anashindwa tena, na safari hii anayemdai ana wakili.

Dada mmoja wa Masasi alinionyesha karatasi zake. Kwenye fomu ya mkopo, sehemu ya dhamana, afisa alikuwa ameandika kwa kalamu: cherehani moja, friji moja, godoro mbili, kabati la vyombo. Chini yake ilikuwa hati ya madai. Akaniuliza, "Ustadhi, nikisimama mbele ya hakimu nikasema nimeshindwa, Mwenyezi Mungu ataniandika pamoja na wanaokula mali za watu?"

Katika Sahih Muslim, Abu Said al-Khudri anasimulia kwamba zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja alinunua matunda, yakapatwa na balaa, deni likamwelemea. Mtume akasema, "Mpeni sadaka." Watu wakatoa, lakini kilichopatikana hakikufikia deni. Ndipo akawaambia wadai: "Chukueni mlichokikuta, na hamna zaidi ya hicho."

Mtume hakumwita mtu yule mwizi. Kabla ya kuwageukia wadai aliigeukia jamaa nzima, watoe. Na mdaiwa naye hakuachiwa kuficha kitu: kilichokuwepo kilichukuliwa. Dada yangu, anayesema kweli kwamba hana, na akaonyesha alicho nacho, hayumo katika wanaokula mali za watu. Dhuluma ni ya mwenye uwezo anayechelewesha kulipa, na hilo limekuja wazi katika hadithi.

Mkopo wa riba ni haramu na toba yake ni wajibu, sitalipunguza neno hilo. Lakini fungueni Surat Al-Baqara. Mara tu baada ya aya inayowatangazia vita wanaong'ang'ania riba, inakuja aya ya 280: "Na akiwa mdaiwa ana shida, basi mdai angoje mpaka afarijike. Na mkiifanya deni kuwa ni sadaka, basi ni bora kwenu, ikiwa mnajua."

Wanazuoni wetu wanaijua hukumu ya muflisi, yaani ambaye mali yake haifikii madeni yake: kadhi anamzuia asiitumie mali yake, inauzwa, wadai wanagawana kwa kadiri ya madai yao. Sheria ya Kufilisika ya nchi yetu haiko mbali na hapo. Mdaiwa mwenyewe anaweza kupeleka ombi Mahakama Kuu, na kwa watu wa Lindi na Mtwara masjala yake iko Mtwara. Tofauti ni kwamba mahakama inaweza baadaye kumwachilia, asidaiwe tena kisheria. Kwa wanazuoni walio wengi, kilichobaki kinakaa kwenye dhima yake mpaka afarijike au asamehewe. Basi anayeachiliwa na mahakama abaki na nia ya kulipa.

Deni lililowekewa dhamana ya cherehani na friji, kwa maoni yangu, halihitaji ufilisi. Huyo aende mahakamani aombe kulipa kwa awamu. Ufilisi ni wa mfanyabiashara ambaye hata akiuza kila kitu hafiki. Lakini wote wawili wasiikimbie samansi. Ukitakiwa kuleta utetezi wa maandishi, kwa kawaida una siku 21. Ukinyamaza, hukumu inatoka ya upande mmoja, na anayefuata mlangoni ni dalali wa mahakama. Wala usiihamishie mikorosho yako kwa jina la shemeji. Huko ni kuficha, na mahakama inaweza kuubatilisha uhamisho huo. Wasaidizi wa kisheria wapo, na tangu sheria ya mwaka 2017 msaada huo kwa asiye na uwezo ni bure.

Na sisi tusiodaiwa? Surat At-Tawba aya ya 60 imewataja wenye madeni miongoni mwa wanaostahiki zaka. Misikitini kwetu fungu hili tumelisahau. Zaka inagawiwa Ramadhani, kila mzee bahasha yake, na mwenye samansi anapita kimya kama hayumo. Naziomba kamati za misikiti, mwaka huu malipo ya minada yakianza kuingia, zitenge fungu la al-gharimina, yaani hao wenye madeni, na imamu apokee majina kwa siri.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na wasiwasi na huzuni, na uzito wa deni, na kushindwa nguvu na watu. Wafungulie wenye madeni, na uilainishe mioyo ya wanaowadai. Amin.