Nilivyonyoosha mabonyeo madogo ya gari mwenyewe bila kugusa rangi

Gari yangu ilikuwa na mabonyeo matatu, moja bampa ya nyuma, moja mlango wa dereva, na lingine fenda ya mbele (lile bati la juu ya tairi) palepale kwenye mstari wa mkunjo wa bati. Yote madogo, hilo la mlango ndo kubwa kuliko yote na lilikuwa kama upana wa kiganja hivi, lakini kila nikiisogelea gari jicho linaenda palepale. Mafundi wawili niliowaonyesha jibu lao likawa moja, tunagonga, tunapaka puti (ile pasta ya kujazia mashimo), tunapiga msasa, tunarudia rangi mlango mzima. Sasa rangi yenyewe haijapasuka popote, ni ileile ya kiwandani, afu niikwangue yote kwa ajili ya kishimo! Roho ikagoma kabisa. Nikaamua nijifunze, na imenichukua wikiendi tatu.

Nilianza na bampa kwa sababu ndo rahisi. Bampa za siku hizi nyingi ni plastiki, na plastiki ile ikipata joto inalainika yenyewe inataka kurudi ilivyokuwa. Nikachemsha maji, nikavaa glavu nene, nikapitisha mkono kwa chini hadi nyuma ya bampa (hakikisha kwanza hakuna sensa wala waya hapo unapotaka kusukuma), nikamimina maji taratibu juu ya bonyeo kama dakika nzima huku nasukuma kutoka ndani. Birika la kwanza hamna kitu, la pili likaanza kucheza, la tatu likaruka nje, tap! Hapohapo nikamwagia maji ya baridi ligande kwenye umbo lake. Kama rangi ya bampa yako ina nyufa usifanye hivi, maji yataingia chini yake na itabanduka.

Mlango ndo ulinifunza kazi.

Kwanza nikajaribu ile ya draya ya nywele, unapasha bati joto sana afu unageuza kopo la hewa (lile la kupulizia vumbi kwenye kompyuta) juu chini unapulizia ile baridi kali, eti bati litaruka lenyewe. Nimefanya mara 6, halikutikisika. Baadaye nikakaa nikapiga hesabu nikaona kwa nini: chuma cha urefu wa sentimita 10 ukikipandisha joto nyuzi 60 kinarefuka kama milimita 0.07 tu, yaani unene wa unywele, sasa hiyo itanyoosha nini kwenye bati lililokwisha kujikunja? Labda bonyeo pana sana lisilo na kona, ambalo hata ukilisukuma kwa kidole linarudi. Na ile baridi ya ghafla inaweza kupasua rangi, kwa hiyo mi naona hasara yake ni kubwa kuliko faida, iacheni.

Mpira wa kuzibulia sinki nao nikajaribu, nikaulowanisha nikavuta. Huu unafanya kazi pale bonyeo ni pana na la chini, mpira unashika vizuri na bati linatoka mara moja. Langu lilikuwa dogo, mpira wenyewe mkubwa kuliko shimo, ukawa unavuta bati zima la pembeni. Kusukuma kwa ndani pia kulishindikana, manake nyuma ya pale panapita ule mhimili wa chuma wa kukinga ubavu, hakuna pa kupitisha fimbo, na kioo kikishushwa kinakuja hukohuko.

Ikabaki gundi. Kuna seti zinauzwa, ndani unapata bunduki ya gundi ya moto, vishikizo vya plastiki vyenye kichwa bapa kama uyoga, na kidaraja chenye miguu miwili na skrubu katikati ya kuvutia. Unasafisha pale kwa spiriti mpaka hakuna mafuta wala waksi, unapasha bati kidogo tu liwe vuguvugu, unaweka gundi kwenye kishikizo, unakibandika, unasubiri dakika chache gundi ipoe, afu unakaza skrubu polepole mpaka kinachomoka. Gundi inayobaki unaidondoshea spiriti pembeni inaachia yenyewe, usiikwangue kwa kucha wala kisu.

Tahadhari kabla hujabandika kitu: kama mlango ulishawahi kurudiwa rangi, gundi inaweza kuondoka na rangi. Mimi nilipitisha sumaku mlango mzima, pale chini ya rangi kuna puti sumaku inashika kwa udhaifu. Na kama haishiki kabisa basi huenda hilo ni bati la alumini, hilo ni gumu zaidi kurudi, mpe fundi.

Sasa kosa langu. Nilichukua kishikizo kikubwa nikakiweka katikati nikavuta kwa nguvu mara moja nikitaka niimalize. Katikati ikapanda ikawa kinundu, pembeni kukabaki mfereji wa mviringo, likawa baya kuliko lilivyokuwa. Usiku ule sikulala vizuri kwa kweli.

Nilichokuja kukielewa ni kwamba bonyeo si shimo peke yake. Bati linapozama katikati, pembeni linainuka kidogo, linazungushia shimo kama tuta, na hilo tuta ndo limelifunga shimo. Ukivuta katikati bila kugusa tuta unapigana nalo. Kwa hiyo unagonga tuta kwa kijiti cha plastiki chenye ncha butu na nyundo ya mpira, kidogokidogo, vipigo vyepesi kabisa, afu unarudi unavuta shimo kidogo kwa kishikizo kidogo, unaanzia ukingoni unaelekea katikati, unagonga tena, unavuta tena. Kile kinundu changu nacho nilikishusha hivyohivyo. Nadhani nimevuta kama mara 30.

Na huwezi kufanya hiyo kazi kama huoni. Juani huoni kitu, kidole nacho kinadanganya. Nilichukua ubao mweupe nikabandika mistari ya tepu nyeusi kila sentimita 2, nikausimamisha karibu na mlango jioni na taa ndefu juu yake, nikawa naangalia mistari inavyojionyesha kwenye rangi. Kwenye shimo mistari inakusanyika au inapinda kuingia, kwenye tuta inapinda upande mwingine, na kila ukigonga unaiona inanyooka mbele ya macho yako. Jamani ule mwanga ndo nusu ya kazi, bila huo nilikuwa napapasa tu. Jioni ya mwisho mistari ilinyooka karibu yote, imebaki kijiwimbi kimoja ambacho mpaka uiname upande wa taa ndo unakiona.

Fenda sikuivuta. Pale kwenye mkunjo bati limevutika na kukunjika kwa ukali, na nilipomulika nikaona rangi ina ufa mwembamba, ukivuta hapo unaupanua. Nilisafisha ufa kwa spiriti, nikaacha pakauke, nikadondoshea rangi ya kuziba mikwaruzo kwa ncha ya kijiti cha meno, tone moja moja, mara tatu nikipumzisha kila tone likauke, isije ikaingia kutu. Huwa namulika pale kila nikiosha gari, mpaka leo ni miezi sita na rangi bado imeshika.