Wimbo Uleule, Sikio Jingine

Wapo wanaoamini kwamba wimbo ni kama muwa, ukishatafunwa vya kutosha hubaki makapi. Sikubaliani nao, ingawa zipo nyimbo ambazo kweli hukauka mapema.

Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc, aliyefanya kazi zake Marekani, alionyesha kwamba watu huelekea kukipenda kitu kwa sababu tu wamekutana nacho mara nyingi, hata kama ni neno lisilo na maana au picha ya mtu wasiyemjua. Baada yake mwanasaikolojia mwingine, Daniel Berlyne, alieleza kwamba kupenda huko hupanda hadi kilele kisha hushuka, na kwamba kitu chepesi huchosha haraka kuliko kile chenye mambo mengi ndani yake. (Aliyesafiri na basi la mikoani ambalo dereva ana flashi moja tu analijua hilo bila kusoma kitabu.)

Uliniteka zaidi utafiti wa Karl Szpunar, Glenn Schellenberg na Patricia Pliner, uliochapishwa mwaka 2004. Wasikilizaji waliotakiwa kuusikiliza muziki kwa makini waliupenda zaidi kwa muda, kisha wakaanza kuuchoka. Wale ambao masikio yao yalikuwa na shughuli nyingine waliendelea kuupenda zaidi kadiri uliporudiwa. Mtu angeweza kuhitimisha kwamba usikivu ndio unaoua utamu. Mimi naona kwamba usikivu huchoka pale tu unapokosa pa kuhamia.

Chukua nyimbo za bendi ya muziki wa dansi, DDC Mlimani Park Orchestra, zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mara za kwanza tunafuata kisa, yaani ndoa iliyoingia doa, ndugu waliogeukana, fedha zilizopotea, na sauti ya mwimbaji inayokibeba. Kisa kikishajulikana hakina mshangao tena, na hapo sikio hulazimika kujitafutia kazi: hulifuata gitaa la solo, kisha hugundua kwamba gitaa jingine lilikuwa likilijibu muda wote, na mwishowe hushuka kwenye besi, ambalo haligongi mfululizo bali huacha nafasi ambazo tumba huziingia. Vitu hivyo vyote vilikuwapo tangu siku ya kwanza, lakini maneno yalikuwa yamevifunika.

Halafu kuna chemko, pale wimbo unapobadilika na magitaa kurudia kifungu kifupi mara nyingi mno. Mgeni atasema wanapiga kitu kilekile. Aliyezoea anangoja badiliko dogo la solo, na kwa kuwa anajua litaingia wapi, raha yake huanza kabla halijafika. Ndiyo maana watu huinuka vitini wakati mwimbaji bado hajamaliza ubeti.

Redio ilitusaidia bila kukusudia, kwa sababu ilikuwa ikitupigia wimbo ilipotaka yenyewe, na kati ya mara moja na nyingine tulipumzika. Simu haipumzishi mtu. Kwa hiyo nikiona wimbo niupendao umefika mwisho pasipo mimi kuusikia, nauacha kwa miezi kadhaa, na nikiurudia huanzia kwenye besi, maneno nikayaacha yanikute njiani.