Ujumbe wa Sauti wa Shangazi

Shangazi yangu haandiki. Umwandikie mistari mitatu, atakujibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, na ndani ya hizo dakika mbili atasalimia, atakohoa, atamjibu mtu mwingine aliye chumbani, ndipo afike kwenye jambo lenyewe. Nimemzoea. Jumbe zake huwa naziweka kiporo, nazisikiliza nikishatulia. Mwezi Julai 2019 mazoea hayo yaliniponza.

Nilikuwa Freiburg, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwa kozi ya wiki tatu. Yeye wakati huo alikuwa akiishi Basel, Uswisi, mwendo wa kama saa moja kwa treni ya vituo vingi. Tukapanga niende Jumamosi.

Laini ya Kijerumani nilikuwa nayo, tena niliipata kwa jasho. Tangu Julai 2017 sheria ya kule hairuhusu laini ya kulipia kabla iwashwe mpaka mnunuzi athibitishwe kwa kitambulisho. Niliambiwa naweza kufanya hivyo kwa kupiga simu ya video. Sawa, lakini video inataka intaneti, na intaneti ndiyo niliyokuwa nainunua! Ikabidi nikakae kwenye ngazi za bweni, mahali pekee ambapo waifai ilikuwa inashika vizuri, nikamwinulia mhudumu paspoti mbele ya kamera. Iinamishe kushoto. Sasa kulia. Polepole. Alitaka aone zile alama zinazometameta zikicheza na mwanga. Picha ikaganda, tukaanza upya. Ikaganda tena. Mara ya tatu ndipo aliponipongeza kana kwamba nimefaulu mtihani.

Simu yangu ilikuwa ya laini moja. Ya nyumbani niliitoa, nikaifunga kwenye kipande cha karatasi na kuibana kwa klipu ndani ya paspoti. Sikuiwaza tena, kwa sababu WhatsApp haijali ni laini gani imo kwenye simu, inashikilia namba uliyojiandikishia. Watu wote walikuwa wananipata kama kawaida. Sikuona haja ya kumpa mtu yeyote namba yangu ya Ujerumani, na kusema kweli hata mimi sikuwa nimeikariri.

Kilichonipa kiburi zaidi ni safari ya Strasbourg. Siku chache kabla, tulikwenda kundi zima na kuvuka mto Rhine kwa tramu kutoka Kehl hadi upande wa Ufaransa. Katikati ya daraja jina la mtandao likabadilika kwenye simu, intaneti ikaendelea kama hakuna kilichotokea. Tangu tarehe 15 Juni 2017, laini ya nchi moja ya Umoja wa Ulaya hutumika katika nchi nyingine za Umoja huo bila gharama za ziada za romingi, yaani za kutumia laini nje ya nchi yake. Nikaiacha romingi wazi. Nikajiona msafiri mzoefu, wa kuwacheka wanaohangaika kubadili laini kila mpaka.

Jumamosi ikafika. Treni ikaondoka, nami nikawa napiga picha za mashamba dirishani. Tulipokaribia mpaka, simu ikatikisika: ujumbe wa sauti wa Shangazi, dakika mbili na sekunde kumi na nne. Pembeni yake kulikuwa na kile kimshale kinachotazama chini, maana yake haujapakuliwa. Nikasema nitausikiliza nikifika, nikaendelea na picha zangu.

Hakuna aliyeniomba paspoti. Uswisi iliacha ukaguzi huo mipakani Desemba 2008 ilipoingia Schengen, kundi la nchi za Ulaya zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa paspoti kati yao, na mimi mpaka wenyewe sikuuona. Simu iliuona. Ikaja meseji ya Kijerumani ya kunikaribisha Uswisi. Baada ya muda mfupi ikaja nyingine, nayo hiyo niliielewa kwa sababu ilikuwa na sifuri.

Norway, Iceland, hata Liechtenstein ambayo ni kinchi kidogo tu kilichobanwa milimani, si wanachama wa Umoja wa Ulaya lakini wamo kwenye mpango ule wa romingi. Uswisi haimo. Na simu yangu, kama nilivyokuja kugundua, ilikuwa imeamua kupandisha picha zote za mashamba kwenye hifadhi ya mtandaoni muda uleule. Salio lote likaishia kwenye ng'ombe na majani.

Treni ikaishia Badischer Bahnhof. Ni kituo cha ajabu: kiko kwenye ardhi ya Uswisi lakini ni cha reli ya Ujerumani, na ukishuka kwenye njia ya chini unapita sehemu ya forodha kabla ya kutokea mjini. Nikatoka nje, nikafungua ule ujumbe. Kimshale kikazunguka, kikazunguka, kikarudi palepale.

Nikafungua ramani. Freiburg nilikuwa nimeihifadhi ndani ya simu barabara kwa barabara, Basel sikuihifadhi. Skrini ikawa ya kijivu tupu, na katikati yake kile kidoti cha buluu. Kilikuwa kizima kabisa, kwa sababu setilaiti za GPS hazihitaji bando, simu inazisikiliza tu na kupiga hesabu zake. Nikipiga hatua kumi kushoto, nacho kinasogea kushoto. Nikirudi, kinarudi. Nilijua mahali nilipo kwa usahihi wa mita chache, isipokuwa hakukuwa na kitu chochote pembeni yangu.

Kuongeza salio kulihitaji programu, programu ilihitaji intaneti. Kupiga simu ya kawaida kulihitaji salio. Nikatafuta waifai, nikapata moja ya bure. Nayo ikataka namba ya simu ili initumie namba za kuthibitisha. Nikawaza niipe namba ya laini iliyomo ndani, ndipo nilipokumbuka kwamba siijui. Na ile namba niliyoijua, laini yake ilikuwa imelala kwenye paspoti.

Basi nikaketi kwenye benchi kufanya upasuaji. Kijisahani cha laini hakitoki bila pini, na pini niliiacha Freiburg. Nikajaribu klipu ya paspoti, ilikuwa nene. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akinitazama muda wote huo bila kusema neno. Akapeleka mkono sikioni, akavua hereni, akanipa. Nikabonyeza kishimo, kijisahani kikachomoza. Nikabadilisha laini kwa vidole vinavyotetemeka, nikimwomba Mungu upepo usipite. Nikamrudishia hereni yake. Akaivaa na kuendelea na gazeti lake.

Laini ya nyumbani ilikaa kimya muda mrefu ikitafuta mtandao wa kuegemea. Dakika tatu, nne. Nikaandika namba yangu kwenye ukurasa wa waifai, nikasubiri. Hatimaye simu ikalia, nikaikimbilia nikidhani ni zile namba za kuthibitisha.

Ilikuwa meseji ya kawaida, iliyotumwa dakika ishirini nyuma, yote kwa herufi kubwa: UKO WAPI. NIKO SBB. PANDA TRAMU 2.

Nilibaki nikiitazama. Meseji za namna hii hazihitaji data, na simu ikiwa haipatikani zinahifadhiwa kwenye kituo cha mtandao mpaka iwashwe. Hilo nililijua. Ambacho sikukijua ni kwamba Shangazi anajua kuandika meseji.

Kumbe Basel ina vituo viwili vikubwa, na yeye alikuwa ananisubiri cha pili, hicho cha SBB, yaani cha reli ya Uswisi, ng'ambo ya mto. Tramu namba 2 ilikuwa inasimama mbele yangu muda wote niliokuwa nikizungusha kidoti cha buluu. Namba za waifai zilinifikia tukiwa juu ya daraja.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Hukusikiliza ujumbe wangu?"

Nikamweleza habari za romingi, salio, laini, hereni. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa uso wa mtu anayesubiri zamu yake. Tulipofika kwake akaniunganisha na waifai, kimshale kikapotea, akaninyang'anya simu na kuuchezesha ujumbe kwa sauti ya juu, sote wawili tumesimama jikoni. Alisalimia. Akauliza habari za usingizi. Akakohoa, akamwambia mtu afunge mlango, akaeleza jinsi goti lilivyomsumbua usiku. Vituo viwili na tramu namba 2 vilitajwa kwenye sekunde kumi za mwisho.

"Si unaona," akasema, akinirudishia simu. "Kila kitu nimesema."