Barabara za Magogo: Baiskeli ya Changarawe katika Misitu ya Morvan

Mtu akiuliza aende wapi Ufaransa na baiskeli ya changarawe, ile yenye matairi mapana kwa barabara zisizo na lami, wengi humwelekeza kwenye milima mirefu ya Alps au Pyrenees. Mimi humwelekeza Morvan, eneo la misitu na vilima katika jimbo la Bourgogne-Franche-Comté, kusini-mashariki mwa Paris, ambako kilele kirefu kuliko vyote, Haut-Folin, kina mita 901 tu. Hakuna kupanda kwa saa mbili mfululizo huko. Kuna kupanda kwa dakika kumi, kushuka kwa dakika tatu, kuvuka kijito, kisha kupanda tena, na hivyo ndivyo siku nzima inavyokwenda. Jioni miguu huwa imechoka kama iliyovuka mlima mkubwa, ingawa mtu hakuona hata mmoja.

Sababu ya kuipenda Morvan, hata hivyo, si vilima bali ni barabara zake, na barabara hizo hazikuchongwa kwa ajili yetu sisi wa baiskeli. Zilichongwa kwa ajili ya magogo. Mwaka 1946 serikali ya Ufaransa ilianzisha mfuko wa taifa wa misitu ili kupanda miti upya baada ya vita, na katika miongo iliyofuata sehemu kubwa ya Morvan, iliyokuwa na mialoni na miti mingine ya majani mapana pamoja na mashamba madogo yaliyotelekezwa, ilipandwa miti ya jamii ya msonobari, hasa Douglas, mti wenye asili ya Amerika ya Kaskazini unaokua haraka na kunyooka. Miti hiyo ilipokomaa ilihitaji malori ya kuitoa, na malori yalihitaji barabara zisizozama. Ndiyo maana mwendesha baiskeli hukuta katikati ya msitu barabara pana yenye tabaka la mawe makubwa chini, kokoto iliyoshindiliwa juu, mtaro kandoni na mwinuko uliopimwa ili lori lililosheheni liweze kuumudu.

Anayejua hilo huisoma barabara kabla tairi halijaifikia. Mahali penye vipande vya magome vilivyopondwa ardhini na harufu kali ya utomvu, mashine zimepita siku chache zilizopita, na baada ya kona kuna uwezekano wa kukuta nyayo za matairi makubwa zilizochimba matope hadi kufikia kitovu cha gurudumu. Mahali penye ukanda wa nyasi katikati na mistari miwili ya kokoto safi pembeni, lori halijapita kwa miezi mingi, na hapo mtu anaweza kuachia breki. Penye mchanga mwembamba wa rangi ya waridi, graniti imeoza chini yako: mchanga huo hunywa mvua upesi na hukanyagika vizuri hata siku ya mawingu, lakini kwenye kona za mteremko huteleza, na usukani hauna budi kushikwa kwa mkono mwepesi huku uzito ukibaki kwenye pedeli ya nje.

Uhusiano wa Morvan na mbao ni wa kale kuliko malori. Tangu karne ya 16 hadi ya 19, Paris ilipata sehemu kubwa ya kuni zake kutoka misitu hii. Kuni zilikatwa, zikatiwa alama ya mwenyewe, kisha zikatupwa mojamoja ndani ya vijito wakati maji yalipofunguliwa kutoka kwenye mabwawa madogo. Zile zilizoshuka kwa mto Yonne zilikusanywa Clamecy na kufungwa kuwa vyelezo virefu vya magogo, navyo vikaelea hadi mto Seine na mji mkuu. Ziwa la Settons, ambalo leo limezungukwa na njia nzuri ya kuendesha, lilitengenezwa katika miaka ya 1850 kwa kujenga ukuta kwenye mto Cure ili kusaidia kazi hiyo hiyo, muda mfupi kabla reli na makaa ya mawe havijaimaliza. Ninapopita juu ya ukuta wa Settons huwa nasimama kutazama upande wa bondeni, kwa sababu njia ya changarawe inayoteremka kutoka hapo hufuata maji yaliyobeba kuni hizo, na mteremko wake wa polepole unaeleweka zaidi mtu anapojua mto ulikuwa na kazi gani.

Jambo la ramani na sheria lisipuuzwe. Ramani za IGN, taasisi ya taifa ya ramani, za kipimo cha 1:25,000, ambamo sentimita moja ni mita 250, huonyesha karibu kila njia ya msituni, lakini kuwapo kwa mstari kwenye ramani si ruhusa ya kupita. Takriban robo tatu ya misitu ya Ufaransa ni mali ya watu binafsi, na Morvan hali ni hiyo hiyo. Njia za vijijini zinazomilikiwa na wilaya ndogo, ziitwazo chemins ruraux, ziko wazi kwa umma, na barabara nyingi za misitu ya serikali hufungiwa magari kwa kizuizi ambacho baiskeli inaruhusiwa kukipita. Kwenye mali ya mtu binafsi iliyowekewa alama za kuzuia, sheria ya Februari 2023 inaruhusu faini ya euro 135. Mimi hufuata njia zilizowekewa vibao na hifadhi ya asili ya Morvan, iliyoanzishwa mwaka 1970, na nikikuta kibao cha kukataza nageuza bila kunung'unika. Mwenye msitu anayevumilia wageni leo anaweza kufunga njia kesho kwa ajili ya mmoja aliyepuuza mnyororo wake.

Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Februari ndio msimu mkuu wa uwindaji wa paa na nguruwe mwitu. Siku za msako huwekwa vibao barabarani, na anayekutana navyo anapaswa kubadili njia. Mavazi ya rangi ya machungwa yanayong'aa ni ya lazima kwangu katika miezi hiyo, hata siku ambayo sijaona kibao chochote.

Kuhusu baiskeli yenyewe nina ushauri mfupi. Tairi la milimita 40 ndilo la chini kabisa, na 45 ni bora zaidi, lisilo na tyubu na lenye gundi ya maji ndani, kwa kuwa miiba ya ua wa mashamba hutoboa kimyakimya na gundi huziba kabla mtu hajatambua. Upepo usijazwe hadi tairi liwe gumu; tairi laini kiasi hushika kokoto badala ya kurukaruka juu yake. Gia nyepesi zina thamani kuliko fremu nyepesi, maana miinuko ya Morvan ni mifupi lakini mikali.

Msitu ukiisha ghafla, kama ufanyavyo karibu na Quarré-les-Tombes au mashariki kuelekea Saulieu, mtu hujikuta kwenye malisho yaliyogawanywa kwa ua wa miti, na ng'ombe weupe wa Charolais wakiwa wamelala kivulini. Hapa njia ni nyembamba, za udongo na mawe, na mara nyingi hukatwa na malango. Lango lililokutwa limefungwa hufungwa tena, hata kama linahitaji kuinuliwa kwa mikono miwili. Maji hayana shida kwa anayejua pa kutazama: makaburi mengi ya vijiji yana bomba karibu na lango kwa ajili ya kumwagilia maua, na penye kibao cha "eau potable", yaani maji ya kunywa, chupa zinaweza kujazwa bila wasiwasi. Chakula ni suala gumu zaidi. Maduka ya mikate hufunga adhuhuri, na mengine hayafunguliwi kabisa Jumatatu, hivyo mkate hununuliwa asubuhi mtu anapouona, hata kabla ya njaa.

Mahali ninapopapenda kuliko pote ni Mont Beuvray, mlima wa mita 821 ambapo Wagauli, wenyeji wa kale wa Ufaransa, wa kabila la Aedui walikuwa na mji wao mkuu, Bibracte, na ambapo Vercingetorix alithibitishwa kuwa kiongozi wa vita dhidi ya Warumi mwaka 52 KK. Juu yake kuna miti mizee iliyopindapinda ajabu, matawi yakitoka pembeni kisha yakipanda wima. Miti hiyo ilikuwa ua wa mashamba, ikikatwa na kulazwa na wakulima kila baada ya miaka michache, kisha wakulima wakaondoka nayo ikajikulia itakavyo. Baiskeli hapo naishusha na kuisukuma. Kasi yoyote ni kubwa mno.

Kuna jambo linaloniumiza. Douglas wa miaka ya baada ya vita wamefikia umri wa kukatwa, na ukataji wa msitu mzima kwa mara moja umeleta ubishi mkali Morvan. Nimepita kwenye miteremko iliyobaki visiki na udongo mtupu, na siwezi kusema kwamba hainihusu, kwa kuwa barabara ninayoifurahia ilijengwa ili mteremko huo ukatwe. Hata hivyo naungana na wale wanaotaka miti ichaguliwe na kukatwa michache michache huku misitu ya majani mapana ikirudishwa. Njia hiyo nayo inahitaji barabara, na inauachia udongo kitu cha kuushika mvua inaponyesha.

Anayetaka kwenda anaweza kupanda treni ya mkoa kutoka stesheni ya Paris-Bercy hadi Avallon au Clamecy na baiskeli yake. Mei na Juni ni miezi ninayoipendekeza: msimu mkuu wa uwindaji umekwisha, mchana ni mrefu, na njia zimekauka. Kupe wapo wengi kwenye kangaga wakati huo, kwa hiyo miguu ikaguliwe kila jioni. Na Avallon ndipo inapoanzia njia kuu ya baiskeli ya kuvuka Massif Central, nyanda za juu za katikati ya Ufaransa, takriban kilomita 1,400 hadi baharini Cap d'Agde, kwa yule atakayefika Morvan na kuona kwamba wiki moja haitoshi.