“Mashine imechoka, mama”: nilivyoifufua kompyuta ya nyumbani

Mimi ni mweka hazina wa kikoba chetu huku Mbagala, na hesabu zote ziko kwenye laptopu ya mtumba niliyoinunua Kariakoo. Ilifika mahali nikiiwasha naenda jikoni, nachemsha chai, nawamiminia watoto, nikirudi bado viduara vinazunguka. Siku za marejesho akina mama wanakaa kwenye mkeka wananitazama, na mimi naitazama kompyuta. Kuna aliyeanza kunong’ona kwamba labda hela ndizo hazionekani.

Kila mtu alikuwa na dawa. Fundi wa mtaani aliiangalia kwa juujuu akasema, “Mashine imechoka hii, mama. Tuipige Windows upya.” Elfu kumi na tano. Ikawa nyepesi wiki mbili hivi, ikarudi kulekule. Nikampelekea tena, akapiga tena, akachukua kumi na tano nyingine, na safari hii akaniongezea antivairasi mbili juu ya ile iliyokuwapo, “ili ilindwe vizuri.” Geti moja likawa na walinzi watatu, wanakaguana wenyewe kwa wenyewe, mgeni amesimama nje na mzigo kichwani. Nimeziondoa mbili, nimebaki na ile inayokuja na Windows yenyewe, na sijapungukiwa na kitu.

Shemeji yangu, ambaye kwa maneno yake kompyuta anazijua, akasema tatizo ni RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta inaitumia ikiwa kazini. Nikafunga safari mpaka Kariakoo, nikamwambia muuzaji nipe RAM ya GB 4. Hakuniuliza ya nini, na mimi sikujua kama kuna ya nini. Nyumbani nafungua kifuniko cha chini: nafasi yenyewe ni ya urefu wa kidole, na nilichoshika mkononi ni kama rula ya mwanafunzi. Kumbe ile ni ya kompyuta za mezani! Nikaigeuza huku na huku, kana kwamba ikilala ubavu itafupika. Muuzaji aligoma kuirudisha, na nusu yake namwelewa. Ukienda kununua RAM, nenda na ile ya zamani mkononi. Yangu imeandikwa PC3L, na hiyo L si urembo: ni ya volti 1.35, wakati RAM ya kawaida ya kizazi hicho (DDR3) ni 1.5, na mashine nyingine hazikubali kubadilishiwa.

Nilichopaswa kufanya siku ya kwanza nilikifanya baada ya hasira zote hizo. Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likaja dirisha linaloonyesha nani anafanya nini. Prosesa asilimia 8. Kumbukumbu, yaani ile RAM, asilimia 60 na kitu. Diski asilimia 100, na mimi sijafungua hata faili moja!

Hapo nikaelewa. Kompyuta yangu ilikuwa ofisi yenye karani hodari, ndiye prosesa, na mtunza stoo mzee anayetembelea mkongojo, ndiyo diski. Karani kakaa tu, kalamu mkononi, anasubiri faili. Zile diski za zamani (hard disk) zina sahani inayozunguka kwelikweli, yangu mara 5,400 kwa dakika, na kijiti kinachohama kutafuta kila kipande kilipo. Ukiwasha, programu ishirini zinamtuma mzee kwa mpigo. SSD, diski ya aina mpya, haina sahani wala kijiti, kwa hiyo hakuna wa kutembea.

Nilinunua SSD ya GB 240, ile bapa ya inchi 2.5, kwa elfu sabini kasoro, na waya wa kuichomeka kwenye USB kwa elfu kumi na kidogo. Diski ya zamani ilikuwa ya GB 500 na imejaa video za harusi na sendoff za ukoo mzima, hivyo nikazihamishia kwanza kwenye diski ya nje ya kaka yangu, la sivyo visingeenea. Kisha nikaweka programu ya kunakili diski nzima kama ilivyo, Windows na mafaili yake.

Nilianza saa tatu usiku. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, inaishi kwa waya wa ukutani tu, na hilo nililijua. Saa tano na nusu iko asilimia 91, nimekaa naitazama kama mtu anayesubiri mechi iishe. Giza. Nikachungulia nje, kwa jirani taa zinawaka. LUKU imekata! Chumbani yumo baba watoto, pasi mkononi, ndiyo kwanza amemaliza mashati ya wiki nzima. Sikusema neno. Nikanunua umeme kwa simu, nikasimama kwenye mita naingiza tarakimu 20 kwa tochi, nikakosea mara mbili. Programu ikaanza upya kutoka sifuri. Bahati nzuri diski ya zamani haikuguswa, maana kunakili ni kusoma tu. Usiku uliofuata niliweka umeme wa kutosha, na pasi nikaificha kwenye beseni la nguo chafu.

Kufungua skrubu na kubadilisha sihitaji kueleza. Ila SSD ina unene wa milimita 7 na nafasi ilitengenezwa kwa 9.5, ikawa inacheza. Nikakata kadi ya mchango wa harusi, ile karatasi ngumu, nikaikunja nikaichomeka juu yake. Imekaa kimya. Mpaka leo bibi harusi wa watu yumo ndani ya kompyuta yangu.

Sasa ikiwaka, nahesabu ishirini taratibu, niko ndani. Baadaye nilinunua RAM sahihi, ile fupi, nayo ikasaidia ninapofungua kurasa nyingi, ila si kama SSD. Fundi nilimwonyesha, akasema, “Aa, hilo nilitaka kukuambia.”

Shemeji naye anawatangazia watu kwamba ni yeye aliyenishauri. Ile RAM ndefu bado iko kwenye droo. Nitampa siku akija na wageni.