Roho, pepo au pombe kali? Neno "spirit" katika kazi ya ukalimani

Hapa Pennsylvania pombe kali inauzwa na serikali. Marufuku ya pombe ilipoondolewa nchini Marekani mwaka 1933, jimbo hili liliamua kuishika biashara hiyo lenyewe, na mpaka leo maduka yake yana bango lilelile karibu kila mji: "Fine Wine & Good Spirits". Mtu aliyejifunza Kiingereza kanisani au msikitini akilisoma bango hilo anaona mvinyo mzuri na roho njema, au pengine pepo wema. Wageni hapa Lancaster wananiuliza ndani mnafanyika nini, na wana haki ya kuuliza.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na kazi yangu ni ukalimani, zaidi hospitalini na shuleni. Wengi ninaowatafsiria ni ndugu zetu wa Kongo, watu wa Uvira, Fizi na Bukavu, ambao walikaa miaka mingi Nyarugusu kule Kigoma au katika kambi nyingine kabla ya kuletwa huku. Katika maneno yote ya Kiingereza ninayopokea kazini, hakuna ninalolichunga kama hili. Jina gumu la ugonjwa halinitishi, kwa sababu maana yake ni moja na nitaitafuta mpaka niipate. "Spirit" ni jepesi mdomoni, mwuguzi analitamka bila hata kulifikiria, lakini likivuka vibaya kuja upande wetu linaweza kumfunga mgonjwa mdomo kwa siku nzima.

Kiini chake ni pumzi. Kwa Kilatini spiritus ni pumzi, na kitenzi chake, spirare, ni kupumua. Kutoka kitenzi hicho Kiingereza kimepata ukoo mzima wa maneno ambayo hospitalini yanasikika kutwa. Mtaalamu wa tiba ya kupumua, "respiratory therapist", anaitwa kwa jina la ukoo huo. Daktari anapoandika kwenye faili kwamba mgonjwa "has expired", kwa asili anasema mtu huyo ametoa pumzi ya mwisho, na sisi tunasema amekata roho. Roho yetu nayo imetoka kwenye Kiarabu, na huko neno lake ni ndugu wa neno la upepo. Wazee wa pwani wakisema mtu amekabwa roho wanamaanisha koo, njia ya pumzi. Mimi hilo linanifurahisha kila ninapolikumbuka: Warumi na Waswahili hawakuketi pamoja kushauriana, lakini wote waliutafuta uhai mahali pamoja, katika hewa inayoingia na kutoka.

Pombe iliingiaje humo? Kwa moto na mvuke. Wanaalkemia wa Ulaya walipochemsha mvinyo na kuukusanya mvuke wake, waliona kitu kisichoonekana kinapanda, kinapoa, kinadondoka tone kwa tone, kikali kuliko mvinyo wenyewe. Wakakiita spiritus, kana kwamba wameikamua roho ya kile kinywaji. Aliyewahi kuona mtambo wa gongo au chang'aa ukifanya kazi anajua hasa walichokiona. Jina likabaki, na likaenea hadi kwenye vifaa visivyohusiana na ulevi. Kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita pimamaji, Waingereza wanakiita "spirit level", kwa sababu kile kimiminika chenye kiputo ndani ya kioo kwa desturi ni alkoholi, ambayo haigandi hata baridi ya hapa ikifika chini ya sifuri.

Na sisi nyumbani tulilichukua neno hilo tukalipa kazi moja tu inayojulikana na kila mtu: spiriti ya zahanati, ile pamba ya ubaridi kabla ya sindano. Ukifika Marekani ukaomba "spirit" dukani kwa dawa, hawakuelewi, maana wao dawa ileile wanaiita "rubbing alcohol". Kwa upande wa pili, Mwislamu akiambiwa kwamba watampaka alkoholi mkononi anaweza kuuvuta mkono wake. Ukisema spiriti, anaunyoosha, kwa sababu ndilo jina alilolizoea tangu utoto na anajua ni ya kusafishia ngozi.

Sasa tuingie wodini. Kanuni za kazi yetu zinanikataza kusimulia habari za mgonjwa yeyote, kwa hiyo nitazungumzia maneno, siyo watu.

Asubuhi daktari anapita, anauliza ndugu wa mgonjwa: "How are his spirits?" Anataka kujua kama mgonjwa amechangamka au amenyong'onyea. Kiswahili kina maneno mazuri kwa hali hiyo, na la kwanza linalokuja ni moyo: moyo wake ukoje, amevunjika moyo, mpe moyo. Lakini katika wodi ya magonjwa ya moyo siwezi kuuliza "moyo wake ukoje?", kwa maana nitajibiwa habari za mapigo na maumivu ya kifua, na daktari ataandika jambo ambalo hakuliuliza. Hapo nasema: "Amechangamka leo, au amenyong'onyea?" Ni maneno machache tu, lakini ndiyo yanayotenganisha huzuni na ugonjwa.

Linalonisumbua zaidi ni swali la fomu ya mapokezi: "Do you have any spiritual needs?" Tafsiri yake ya kikamusi ni rahisi: "Una mahitaji yoyote ya kiroho?" Hakuna mwalimu atakayeikosoa. Lakini sikiliza inavyofika. Mlokole anasikia anaulizwa kama ameokoka, au kama anahitaji maombi ya kufunguliwa. Mwislamu anasikia lugha ya kanisa, kwa sababu katika Kiswahili cha siku hizi "kiroho" imekaa zaidi kwa Wakristo, pamoja na baba wa kiroho na huduma ya kiroho. Mzee aliyelelewa na mila za kwao anaona anapelelezwa habari za mizimu, na mbele ya mtu asiyemjua hawezi kusema neno. Wote watatu wanajibu "hapana". Mwuguzi anatia alama, anageuza ukurasa, na mwenye kutaka kusali hasali, asiyekula nyama isiyochinjwa kihalali analetewa sahani asiyoweza kuigusa.

Mkalimani haruhusiwi kubadilisha swali kwa kichwa chake mwenyewe. Tumefundishwa hivyo na ninaona ni sawa, kwa kuwa siku nitakayoanza kuamua nini mgonjwa aulizwe, nitakuwa nimejipa kazi isiyo yangu. Tunachoruhusiwa ni kusimama, kuwaambia pande zote mbili kwamba mkalimani anaomba ufafanuzi, kisha kumuuliza mwuguzi anataka kujua nini hasa. Nikifanya hivyo, karibu kila mara swali linapasuka na kuwa maswali matatu manne yanayoeleweka. Je, unasali, na ungependa kusali saa ngapi? Kuna chakula ambacho dini yako haikuruhusu? Kuna mtu ungetaka aitwe aje kukuombea? Nikiyatafsiri hayo, mgonjwa anafunguka. Anataja imamu wake, anataja mchungaji, anaomba aonyeshwe kibla. Kwa maoni yangu fomu zote zingeandikwa hivyo tangu mwanzo, na Mmarekani mwenyewe angefaidika, maana hata yeye si kila mara anaelewa anaulizwa nini.

Kisha kuna kasisi wa hospitali. Idara yake inaitwa "Spiritual Care", na kazi yake ni kumsikiliza mtu wa dini yoyote au asiye na dini. Lakini Mkatoliki wa Kivu akimwona mtu wa Mungu anaingia chumbani bila kuitwa, moyo unamruka. Anakumbuka padri aliyekuja kumpaka bibi mafuta matakatifu, na bibi hakuamka. Nikiwepo, huwa namwomba kasisi ajitambulishe kwa maneno haya: nawatembelea wagonjwa wote, hata wanaokwenda nyumbani kesho. Nami nayatafsiri neno kwa neno. Mabega ya mgonjwa yanashuka.

Na yapo maneno "spiritual distress", ambayo wauguzi wanayatumia kwa mtu ambaye ugonjwa umemtikisa imani yake au umemfanya aone maisha hayana maana. Ukiyageuza kuwa "roho inamsumbua", umeieleza familia kwamba mtu wao ana pepo, na jioni watakuja na watu wa kukemea. Nasema: amekata tamaa, anajiuliza kwa nini Mungu ameruhusu haya. Hilo hakuna asiyelielewa.

Kuna kifaa kimoja cha plastiki ninachokipenda kuliko vyote. Baada ya upasuaji mgonjwa anapewa kichupa chenye mrija, anavuta hewa kwa mdomo, na kidude ndani ya kichupa kinapanda taratibu kuonyesha ameingiza pumzi kiasi gani. Kwa kawaida anaambiwa avute mara 10 kila saa akiwa macho, ili mapafu yasisinyae na asipate nimonia. Kinaitwa spirometa, wa ukoo uleule wa spirare. Wagonjwa wengi wanakidharau, wanakiona mchezo wa watoto, na kidonda kinawauma wakivuta. Nikitafsiri maelekezo nahakikisha neno "pumzi" linasikika vizuri, na sababu ya nimonia haimezwi. Akishaelewa kwamba kichupa kile kinalinda mapafu yake, anakiweka karibu na mto.

Wenzangu wanaosema Kiswahili ni maskini, eti Kiingereza kinabeba mengi kwa neno moja, nawaomba watazame neno pepo. Pepo ni wingi wa upepo: pepo za kusi na za kaskazi, zilizopeleka majahazi Arabuni na kuyarudisha. Pepo ni kiumbe anayempanda mtu na kupungwa kwa ngoma. Na Pepo ndiko waendako wema, peponi. Mtoto wa pwani anazitumia zote tatu bila kuchanganyikiwa. Wala hatuchanganyi mizimu, ambayo ni ya waliotutangulia, na majini, ambao kwa imani yetu Waislamu ni viumbe wenye maisha yao. Kiingereza kinawafunika wote hao kwa neno "spirits". Kwa mkalimani anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza, hapo ndipo kazi ilipo: mama akisema mwanawe ana jini, nikimwambia daktari "spirit" nimepoteza nusu ya alichosema. Nalitamka jini kama lilivyo, kisha namwachia daktari amuulize mama mwenyewe maana yake.

Shuleni neno lina sura nyingine. Oktoba moja jirani yangu, mama wa Uvira, alikuja jioni na karatasi ya shule mkononi na simu yake ikiwa wazi. Karatasi ilisema "Spirit Week", na programu ya kutafsiri ilikuwa imemwandikia: Wiki ya Roho. Jumatatu nguo za kulalia. Jumanne nywele za wazimu. "Dada," akasema bado amesimama mlangoni, "hii masomo inataka kutia mtoto wangu roho gani? Banasema wiki muzima." Alikuwa ameshaamua kwamba mtoto atabaki nyumbani mpaka wiki hiyo ipite. Na ukumbuke ni msimu uleule ambao maduka ya "Spirit Halloween" yanafunguliwa, yamejaa mafuvu na vinyago vya kutisha. Kwa mama aliyeokoka, mambo hayo mawili yaliungana yakawa jambo moja.

Nikamkaribisha, tukaketi na chai. Nikamwambia: mama, hii ni ari. Shule ina mechi Ijumaa, wanataka watoto waipende shule yao na waishangilie timu, kwa hiyo kila siku wanavaa kitu cha kuchekesha. Nikamkumbusha jinsi vijana walivyokuwa wakijipaka rangi kambini timu zao zikicheza. Akanyamaza, kisha akacheka kwa sauti: "Aa, ni mambo ya mupira!" Ijumaa mtoto alivaa rangi za shule. Nguo za kulalia alikubali. Nywele za wazimu alikataa katakata, na mimi nilimuunga mkono, kwa sababu mzazi akishaelewa anachoulizwa, jibu ni lake.

Lakini fikiria mtoto angekosa siku tano za masomo kwa ajili ya neno moja na programu ya simu. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inawajibika kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na hospitali vilevile. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, inayokataza mtu kubaguliwa kwa asili ya taifa lake. Mkalimani ni bure kwako. Usikubali kuambiwa ulipe. Na usimpeleke mwanao akutafsirie. Kanuni za sheria ya afya ya mwaka 2010 zinakataza hospitali kumtegemea mtoto mdogo kwa kazi hiyo, isipokuwa dharura ambapo mkalimani hapatikani, na mtoto wa miaka 11 hapaswi kuwa wa kwanza kusikia kwamba mama yake ana uvimbe.

Ukipiga simu kuweka miadi, taja lugha yako hapohapo, wala usingoje mpaka ufike. Kama unazungumza Kiswahili cha Kongo, sema hivyo, kwa sababu wakikuletea kwa simu mtu wa Nairobi au wa Unguja mtaelewana kiasi tu, na una haki ya kuomba mwingine. Kama Kibembe au Kinyamulenge ndiyo lugha unayoumwa nayo, itaje hiyo. Na ukimsikia mkalimani anasimama katikati ya maneno akamgeukia daktari, mwache amalize kuuliza. Wewe pia uliza. Sema: "Hilo neno sijalielewa, nieleze tena kwa namna nyingine." Daktari atarudia, na mkalimani yupo kwa ajili hiyo.