Tulivyoingiza mfumo wa kompyuta katika duka la pembejeo Nakuru

Duka ninalofanyia kazi ya uhasibu huuza pembejeo za kilimo. Lile kubwa liko Nakuru mjini, na matawi yako Njoro na Molo. Mzee mwenye duka aliponikabidhi kazi ya kutafuta mfumo wa kompyuta, kilichomsukuma ni mbolea. Septemba 2022 serikali ilishusha bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500, na mwaka uliofuata ikaishusha tena hadi 2,500. Mfanyabiashara aliyekuwa na mzigo alionunua kwa bei ya juu alihitaji kujua siku hiyohiyo ana mifuko mingapi, iko wapi, na kila mmoja aliupata kwa bei gani. Sisi tulipiga simu Njoro, tukapiga simu Molo, kisha tukasubiri watu wahesabu.

Wauzaji wa programu walianza kuja na kompyuta zao, wakatuonyesha michoro ya rangi. Nilimwomba Mzee tusiangalie programu yoyote kwanza. Nilichukua daftari nikafuata mfuko mmoja wa mbolea ya kupandia, tangu lori lilipoegeshwa nyuma ya stoo mpaka mkulima alipoufunga kwenye bodaboda. Kila aliyeugusa nilimuuliza: unaandika nini, unaandika wapi, na nani husoma ulichoandika? Majibu yalinifundisha mengi. Kuna karatasi zilizojazwa kila siku ambazo hakuna aliyezisoma. Na kuna mambo muhimu ambayo hayakuandikwa popote. Yalikuwa kichwani mwa mtunza stoo, mzee ambaye sote dukani tunamwita Baba. Ni yeye aliyejua mifuko iliyopasuka njiani inapelekwa wapi, na dawa gani haitakiwi kukaa karibu na mbegu.

Ninaamini kabisa kwamba mfumo wetu ulipatikana katika hatua hiyo. Yaliyofuata yalikuwa kuuandika.

Chukua suala la kupimiwa. Mkulima wa robo ekari hanunui mfuko mzima. Anakuja kaunta na kusema, "Mama, nipimie kilo tano." Mfuko ukishafunguliwa haupo tena kwenye hesabu ya mifuko, umekuwa kilo, na hizo kilo ukizipima mojamoja hazifiki 50, kwa sababu mizani huzidi kidogo na nyingine humwagika. Programu nyingi nilizoonyeshwa zilijua kuuza kitu kizima tu. Ukiuza kilo tano, ama zinakataa, ama zinakuachia hesabu ya mifuko yenye desimali ambayo hakuna mtu stoo anayeweza kuihakikisha kwa macho. Tulitaka kitendo kinachoitwa "fungua mfuko": mfuko mmoja unatoka stoo, kilo 50 zinaingia kaunta, na mfuko ukiisha kunabaki nafasi ya kuandika upungufu. Baba alitupimia mifuko kadhaa mbele ya wasichana wa kaunta ili tukubaliane upungufu wa kawaida ni kiasi gani. Ukizidi hapo, lazima maelezo yaandikwe. Mbegu na dawa za maji zina mambo yake pia, maana pakiti na chupa huja kwa ukubwa tofauti, na kila ukubwa lazima uwe bidhaa inayojitegemea.

Majina nayo yalitaka kazi. Dawa moja ina jina la kiwanda lililo kwenye chupa, ina jina la kemikali iliyomo, halafu ina jina la mkulima. Tangu viwavijeshi vamizi waingie Kenya mwaka 2017, watu wengi hufika na kuomba "dawa ya viwavi" bila kutaja kingine. Kwa hiyo katika orodha ya bidhaa tuliongeza safu ya jina la mkulima. Msichana wa kaunta akiandika "viwavi", anaona dawa zote zinazofaa, kipimo cha maji, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kusafisha orodha hiyo kulituchukua wiki nyingi kuliko kitu kingine chochote, na sikumruhusu mtu yeyote kuharakisha. Bidhaa moja iliyoandikwa kwa majina mawili hutoa hesabu mbili za uongo.

Baada ya hapo ndipo tuliwaita wauzaji tena, na badala ya kusikiliza maelezo yao tuliwapa siku moja ya kweli ya biashara yetu: lori limeshusha, mfuko umefunguliwa, mteja amelipa nusu taslimu na nusu kwa M-Pesa, mwingine amekopa, mwingine amerudisha pampu, na mzigo umepelekwa Molo. Wengi walikwama kwenye mfuko. Tulichagua vijana wa hapa Nakuru waliokuwa na programu ya uhasibu iliyokwisha kukomaa na waliokubali kuiongezea yetu. Kujenga mfumo mzima kuanzia mwanzo sikuona faida yake, hasa kwa sababu ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Tangu Januari 1, 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, yaani mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, kwa hiyo wenye maduka madogo wanaonunua kwetu kwa jumla wanadai ankara hiyo. Programu ya vijana hao ilikuwa tayari imeunganishwa na eTIMS. Nilisisitiza jambo moja: kiwango cha kodi kikae kwenye orodha ya bidhaa, sisi wenyewe tuweze kukibadilisha. Gumboots zina VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, mbolea haina, na sheria ya fedha hupitiwa kila mwaka.

Daftari la madeni lilihitaji heshima. Wateja wetu wengi hulipa pesa za maziwa zikitoka au mavuno yakiuzwa, na ukurasa wa deni ni ahadi kati ya watu wawili. Hatukuhamisha deni lolote kabla ya mwenyewe kusomewa na kukubali. Wazee walikuja, wakaketi, tukasoma mstari kwa mstari. Kwa kuwa akina mama wengi wanajulikana kwa jina la mtoto wa kwanza, na majina hayo hufanana, tulitumia namba ya simu kutofautisha. Tulimweleza kila mmoja kwa nini tunaichukua, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotaka, na orodha ya madeni inafunguliwa na watu wachache tu.

Tarehe ya kuanza tuliipanga kwa kalenda ya mvua. Machi na Aprili watu wanapanda mahindi, kaunta haipumui. Mei na Juni wanatia mbolea ya kukuzia. Tulingoja shughuli zipungue, tukahesabu stoo zote tatu Jumapili moja maduka yakiwa yamefungwa, wawili wawili, mmoja akihesabu na mwingine akiandika. Kisha kwa muda daftari na kompyuta zilienda pamoja, na kila jioni nililinganisha. Tofauti nyingi zilikuwa za mzigo uliotoka Nakuru lakini haujapokelewa Molo, basi ndani ya mfumo tukaunda stoo ya mzigo wa aina hiyo, tukaiita "njiani". Mzigo hauondoki humo mpaka anayepokea athibitishe. Tofauti hizo zikaisha.

Baba hakuwa na haja ya kujifunza programu nzima. Vijana walimtengenezea ukurasa wenye vitufe vitatu vikubwa: imeingia, imetoka, imefunguliwa. Leo anayeajiriwa stoo hufundishwa na yeye.

Molo umeme hukatika na mtandao hupotea, kwa hiyo kompyuta ya kule huuza bila mtandao na kutuma mauzo ukirudi. Kila asubuhi nalinganisha taarifa ya till, yaani namba ya duka ya kupokelea malipo ya M-Pesa, na mauzo ya jana kwa namba ya kila muamala. Nakala ya akiba hutunzwa nje ya jengo kila usiku, na mara kwa mara naifungua kwenye kompyuta nyingine nione kama kweli inafunguka. Kwenye mkataba tuliandika kwamba data ni yetu na tunaweza kuitoa yote wakati wowote, hata tukiachana na vijana hao.

Sasa tunashughulikia dawa zinazokaribia kuisha muda. Mfumo unazitaja mapema, na tunataka upendekeze tawi linaloziuza haraka ili zihamishwe zikiwa bado na miezi ya kutumika. Njoro na Molo hazinunui dawa zilezile wala kwa wakati mmoja, na mauzo ya misimu tuliyokwisha kuandika yameanza kutuonyesha tofauti hiyo.